Mlango wa Uani Ambao Shekue Hakuufungua

Mnaangalia pembeni. Msijifanye, ninawaona.

Jana arusini mama mmoja alimwambia Hiza, "Mwanangu, baraza ni salamu, nyumba ni uani," nanyi mkacheka, mkaendelea kupitishiana simu yenye picha za nyumba anayotaka kuinunua. Nami nilizitazama picha zile. Baraza lililopakwa rangi mpya, mlango wa nakshi, dirisha la kioo, baraza tena kutoka upande wa pili. Zote za mbele. Leo mmekuja kuniuliza maneno ya yule mama yametoka wapi, mnauliza kama watu wanaouliza habari za zamani zisizowahusu. Hiza atakabidhi fedha zake Ijumaa, na macho yake yako kwenye ncha za viatu vyake. Na wapo wawili kati yenu waliokulia jirani na nyumba ile. Hao ndio wanaoangalia pembeni kuliko wote.

Nimechoka kuisimulia habari hii. Nimewasimulia wengi, wakatikisa vichwa, wakanishukuru, wakaenda wakafanya vilevile. Lakini kuchoka si kusahau. Kaeni.

Baraza ni salamu, nyumba ni uani. Methali hii ilianza hapa hapa Tanga, katika mtaa ambao sitautaja kwa sababu watoto wa waliohusika bado wanaishi humo, nao hawakumkosea mtu. Na ilianza hivi.

Alikuwapo mtu mmoja akiitwa Shekue. Alizaliwa juu milimani, Usambara, akashuka akiwa kijana mdogo kuja kukata mkonge. Akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, wakamhamishia kwenye mashine ya kukwangua, akakwangua mpaka mkonge wenyewe ukakosa bei. Shamba likafungwa. Wenye shamba wakatangaza kwamba wafanyakazi wote waondoke katika nyumba za kambi kabla ya masika. Fikirini. Mtu amekaa chumba kimoja tangu ujana wake, amezalia humo, amezika watoto wawili kutoka humo, halafu asubuhi moja anaambiwa chumba si chake, atoe kitanda. Wengi walikwisha kulisahau jambo lile. Mimi sijalisahau.

Shekue alilipwa kiinua mgongo chake. Mkewe, Mwantumu, akauza mbuzi wake, akavunja na kibubu chake. Wakaweka pamoja, wakaona inaweza kupatikana nyumba mjini. Nyumba moja, mara moja. Mara ya pili haikuwapo.

Huyu Mwantumu alikuwa Mdigo, amelelewa katika nyumba ya pwani, anaijua. Nanyi siku hizi mnalala katika nyumba za kila namna, basi niwakumbushe. Nyumba ile ina baraza mbele, wanaume wanakaa hapo. Ukiingia mlango mkubwa unakuta ukumbi, vyumba huku na huku. Mwisho wa ukumbi kuna mlango wa pili. Ukiufungua huo, uko uani: jiko, kisima, choo, kamba za kuanikia nguo, chumba cha uani, na wanawake. Mwanamume mgeni haupiti mlango ule. Akikaribishwa anaishia barazani, akiheshimiwa sana anafika ukumbini. Ndiyo adabu ya mji.

Na Shekue adabu hiyo aliipenda kuliko hata waliozaliwa nayo. Miaka yote ile watu wa mjini waliwacheka watu wa kambi: eti hawajui mipaka, eti kwao hakuna mbele wala nyuma, mtu anaingia kwa mwenzake kama mbuzi anavyoingia shambani. Maneno yale yalimwuma. Akaapa kwamba siku atakayohamia mjini, hakuna atakayemwambia hana adabu.

Akapata dalali. Jina lake nimeliacha liende na wakati, lakini mtaa ulimwita Kidomo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kidomo akamwambia, "Mzee wangu, nyumba ipo. Ya marehemu Mzee Sudi. Anauza mwanawe, Mbaruku, kijana mstaarabu. Utaipenda."

Mwantumu akasema, "Tutakwenda wote."

Kidomo akacheka kwa upole. "Mama, mambo haya huzungumzwa barazani, wanaume kwa wanaume. Ukifuatana na mzee, muuzaji ataona ameletewa mkaguzi. Atakasirika, atauza kwa mwingine. Na wa kumwuzia wapo."

Mwantumu akamgeukia mumewe. "Baba Mkami, nitakayepika kule ni mimi. Nitakayefua ni mimi. Nitakayeteka maji ni mimi. Wewe utakaa barazani. Sasa nyumba ninunuliwe mimi, aende kuitazama mwingine?"

Shekue akasema, "Usinitie aibu mbele ya watu wa mji, mke wangu. Nyumba ni nyumba."

Akaenda peke yake na Kidomo.

Wakalikuta baraza limefagiliwa na kunyunyiziwa maji, vumbi limelala. Mbaruku akatoka na kanzu iliyopigwa pasi, akampa mkono wa kulia na wa kushoto akauweka kifuani. Wazee wa mtaa walikuwa wamekaa pale kama kawaida yao, na Faki, mwuza kahawa, akamwekea mgeni kikombe kabla hajaketi sawasawa, na kashata juu yake. Shekue akaulizwa habari za safari, za afya, za milimani, za watoto. Tangu ashuke kutoka kwao hakuna aliyewahi kumwuliza habari nyingi namna ile. Moyo ukamlainika.

Akaonyeshwa vyumba vya mbele. Vilikuwa vizuri, sikatai. Akapelekwa ukumbini mpaka kati. Kule mwisho mlango wa uani ulikuwa umerudishiwa. Nyuma yake palisikika mtu akikuna nazi, mbuzi inalia kwa mwendo ule ule, tena harufu ya moshi wa kuni ilikuwa inapenya.

"Nani wako huko?" Shekue akauliza.

"Wanawake tu," Mbaruku akajibu. "Wanapika."

Wanawake tu. Maneno mawili. Yameuza nyumba nyingi kuliko madalali wote wa pwani. Shekue, mtu wa adabu, akageuka hapo hapo ili asije akaonekana anachungulia wake za watu. Akarudi barazani.

Safari ya pili kahawa ilikuwa nyingi, na kahawa mnaijua inakwenda wapi. Shekue akajikaza, akajikaza, mwishowe akamnong'oneza mwenyeji kwamba anaomba haja ndogo. Mbaruku akasema kwa tabasamu, "Mzee wangu, msikiti uko hapo kwenye kona. Choo chake kisafi kuliko changu." Watu wakacheka. Shekue naye akacheka, akaenda msikitini ameibana kanzu, akarudi, na njiani kwenda nyumbani akamsifu Mbaruku kwa Kidomo, "Kijana mnyenyekevu sana. Hajisifu hata kwa choo."

Wale wazee walilisikia jibu la Mbaruku. Faki alisikia. Birika lake lilisimama hewani kidogo, kisha likaendelea kumimina. Wote waliijua sababu ya mgeni kupelekwa msikitini, na wote wakatazama barabarani kama kuna gari linalokuja.

Nyumbani Mwantumu akamwuliza, "Jiko likoje?"

"Lipo."

"Kisima kina maji matamu au ya chumvi?"

"Nitajuaje? Sikuomba maji, nilipewa kahawa."

"Mvua ikinyesha, maji ya uani yanatokea wapi?"

"Mke wangu, kiangazi hiki mvua iko wapi?"

"Na uani kuna nani?"

"Wanawake tu."

"Wanawake gani? Hawana majina? Ni wake zake, dada zake, wapangaji, nani?"

Shekue akaanza kuvua viatu. Mwantumu akasema polepole, "Umeona nini hasa, Baba Mkami?"

"Nimeona nyumba nzuri. Tena watu wa pale wana heshima."

Fedha zikatolewa mchana wa Jumamosi, pale pale barazani, wale wazee wa kahawa wakawa mashahidi. Kila mmoja akatia kidole chake cha gumba kwenye wino.

Siku ya kuhama walikuja na mkokoteni: magodoro, kinu, masanduku, kuku ndani ya tenga. Shekue akasimama barazani kupokea pongezi. Mwantumu akawasalimu wanaume, akaingia mlango mkubwa, akapita ukumbini bila kutazama chumba hata kimoja, akafika kwenye mlango wa uani, akaufungua.

Akamkuta mama mtu mzima amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Pembeni binti yake anachambua mchele, na wajukuu wamelala kwenye mkeka mbele ya chumba cha uani.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu. Mgeni wa nani?"

"Shikamoo, mama. Mimi si mgeni. Mimi ndiye mwenye nyumba, tumehamia leo."

Yule mama akaacha kukuna. Akaifuta mikono yake kwa upindo wa kanga. "Marahaba. Hata mimi ndiye mwenye nyumba. Basi kaa kitako, mwanangu, tujue katika sisi wawili ni nani aliyepotea."

Huyo alikuwa Bi Mize binti Sudi. Baba mmoja na Mbaruku, mama mbalimbali. Nyumba ile aliijenga baba yao. Kisima kile kilichimbwa yeye akiwa msichana, akiwapelekea wachimbaji uji. Aliolewa, akafiwa na mume, akarudi kwa baba yake, na baba alipokufa mirathi haikugawanywa. Ndugu walikaa, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama wengi mnavyokaa hata leo mkidhani kwamba jambo lisilosemwa limekwisha.

"Kwani hukusikia nyumba inauzwa?" Mwantumu akamwuliza.

"Nilisikia sauti za wanaume barazani. Nikasema ni wageni wa Mbaruku. Mwanamke hatoki kwenda kuwachungulia wageni wa kaka yake. Ndiyo adabu."

Sikilizeni hapo, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo. Yule mwanamume hakuufungua mlango kwa sababu ya adabu. Yule mwanamke hakuufungua kwa sababu ya adabu. Wote wawili watu wema. Ubao mmoja tu kati yao, na uwongo wa Mbaruku ukaishi humo kwa raha kama mchwa.

Mwantumu akainuka akatazama uani. Choo kilikuwa kimetitia, kimefunikwa mabati. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeegemezwa gogo la mnazi. Akateka maji kwa kiganja, akaonja, akatema. Chumvi. Alirudi ukumbini, akatokeza kichwa mlangoni, akamwita mumewe kwa sauti ambayo Shekue hakuwahi kuisikia.

Mbaruku alikwisha kuondoka alfajiri. Ukimtafuta Pangani wanasema yuko Mombasa, ukimtafuta Mombasa wanasema alipita. Kidomo akapatikana, akakunja mikono. "Mimi ni daraja tu, Mzee wangu. Watu wakivuka wakagombana ng'ambo, utalilaumu daraja?"

Shekue akawageukia wazee wa barazani, vikombe mikononi. "Mlijua?"

Wote wakatazama barabarani.

"Faki, nakuuliza. Ulijua kama dada mtu yuko nyuma?"

Faki akatazama birika lake. "Mzee, hukuuliza."

"Nimekaa nanyi hapa. Nimekunywa nanyi. Mmenitilia vidole!"

Mzee mmoja akasema, "Sisi mambo ya ndani ya watu hatuyaingilii."

Shauri likaenda mahakama ya mwanzo. Nililisikiliza kutoka kwenye benchi la nyuma. Hakimu alimwuliza Shekue kama aliikagua nyumba kabla ya kununua.

"Niliikagua, mheshimiwa."

"Uani uliona nini?"

"Sikuingia, mheshimiwa. Nilikuwa na adabu."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Walicheka kama nyinyi mlivyocheka jana. Korti ikasema Mbaruku hakuwa na haki ya kuuza mirathi isiyogawanywa bila ya dada yake kuridhia, na mauzo yale hayasimami. Shekue amfuate Mbaruku amdai fedha zake. Amfuate wapi? Hilo korti haikusema.

Basi familia ile ikasimama barabarani na magodoro yao, masika yanaanza. Aliyewaokoa ni yule yule waliyekuja kumtoa. Bi Mize alisema, "Vyumba viwili vya mbele vitupu. Kaeni, mtalipa kodi mkipata." Mwantumu akaanza kukaanga maandazi uani, yeye na Bi Mize jiko moja, na kutokana na maandazi yale wakalipa kodi mwezi baada ya mwezi. Shekue akawa mpangaji katika nyumba aliyoinunua. Nani kati yenu analijua neno linaloitoshea hali hiyo? Mimi nimelitafuta, sijalipata.

Hadithi ingeishia hapo, isingekuwa methali. Ingekuwa msiba wa mtu mmoja, na misiba ya mtu mmoja mmoja mnajua tunavyoifanya: tunaikunja, tunaiweka chini ya mto.

Miaka ikapita. Shekue akazeeka, akazoeleka barazani. Naye akawa mmoja wa wazee wa kahawa. Kisa chake hakukisimulia; alikionea haya. Hivyo ndivyo wanavyotushinda. Wanatuibia, halafu aibu ya kuibiwa tunaibeba sisi, na kimya chetu kinawatafutia mtu mwingine wa kuibiwa.

Siku moja asubuhi, kiangazi tena, Kidomo akaja mtaani na mwalimu kutoka Korogwe. Nyumba iliyokuwa inauzwa ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kidomo akamkalisha mwalimu katika baraza lile lile la wazee. Mke wa mwalimu akabaki amesimama pembezoni kwenye kivuli cha ukuta, mtoto mgongoni, hakuna aliyempa hata kigoda. Faki akamimina.

Mwalimu, mtu mwangalifu, akauliza, "Wazee wangu, nyumba ile mnaionaje?"

"Nzuri," mmoja akasema.

"Baraza lake lina upepo," akasema mwingine.

Na hakuna hata mmoja asiyejua kwamba nyuma ya nyumba ile ukuta wa uani ulianguka zamani, na kila masika mfereji mkubwa unafurika unaingia uani, unaingia jikoni, unaingia vyumbani. Walikuwa wakiwasikia wapangaji wakichota maji kwa ndoo. Mwalimu akamgeukia Shekue. "Nawe mzee?"

Shekue akaangalia ndani ya kikombe chake. Ndiyo. Shekue mwenyewe, yule yule. Akaangalia ndani ya kikombe.

Mwantumu alikuwa amefika ukumbini na sinia la maandazi. Akasikia swali. Akasikia na kimya cha mumewe. Akaliweka sinia chini, akatoka barazani katikati ya wanaume na upawa wa kukaangia ungali mkononi, unatona mafuta. Hakumtazama mwalimu. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mwanamke kivulini.

"Mwanangu, umeingia uani?"

"Bado, mama. Wanaume wanazungumza."

"Waache wazungumze. Kule utapika wewe."

Kidomo akasimama. "Mama Mkami, maandazi yako yataungua. Haya mambo ya wanaume."

"Yaungue! Nyumba yangu iliungua bila moto, nawe ulikuwa umekaa hapo hapo na kashata mdomoni." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, umeona nini mpaka sasa?"

Mwalimu akababaika. "Nimeona baraza, mama. Na vyumba vya mbele. Naona ni nyumba nzuri."

"Hujaona nyumba. Umesalimiwa tu. Mume wangu huyu alisalimiwa vizuri kuliko wewe, akanywa kahawa nyingi kuliko wewe, na leo analipa kodi. Baraza ni salamu, baba. Nyumba ni uani."

Shekue akaweka kikombe chake chini.

"Mwalimu," akasema, "kaombe choo."

"Mzee?"

"Nenda pale, mwombe mwenye nyumba choo. Akikupeleka msikitini, panda basi urudi kwenu."

Faki, ambaye maisha yake yote alimimina akanyamaza, akasema bila kuinua macho, "Na mama aguse ukuta wa jikoni, chini. Autazame rangi."

Mwantumu alikwisha kumshika mkono yule mwanamke. Wakavuka barabara, wakapiga hodi, wakaingia mpaka nyuma. Hawakukawia. Mke wa mwalimu akarudi, miguu ina tope jeusi juu ya vumbi la kiangazi, akasimama mbele ya mumewe, akaweka kiganja chake kiunoni.

"Alama ya maji ukutani," akasema, "iko hapa."

Mwalimu akamrudishia Faki kikombe kikiwa kimejaa. Wakaondoka. Nyumba walikuja kuinunua baadaye, mtaa mwingine kabisa, na nasikia mke ndiye aliyetangulia kuingia, mwalimu akangoja nje na mtoto. Maneno ya Mwantumu yule mke akaenda nayo. Akawaambia wenzake sokoni na kisimani, nao wakawaambia binti zao, mpaka jana arusini yakakufikia wewe, Hiza.

Siku ile ile, watu walipotawanyika, Shekue alimwambia mkewe, "Mbona maneno haya hukuniambia wakati ule?"

Mwantumu alikuwa anaokota maandazi yaliyoungua, anayatenga. Akasema, "Nilikwambia, Baba Mkami. Ulikuwa barazani."

Haya. Mmesikia. Nimechoka, lakini sijamaliza.

Hiza, inua macho. Ijumaa haijafika. Simu yenye picha za baraza iweke mfukoni, nenda leo, na mchumba wako atangulie mbele yako. Ombeni choo. Onjeni maji. Inameni mguse ukuta chini. Kila mtu mtakayemkuta uani, mwulizeni jina lake, jina la baba yake, na kama ameridhia nyumba iuzwe. Na atie kidole chake yeye mwenyewe, asisemewe na mtu. Majirani wakisema "nzuri", waulizeni nzuri ya wapi. Dalali akikwambia huko ni wanawake tu, shika fedha zako kwa mikono miwili.

Na nyinyi wawili mliokulia jirani na nyumba ile, mnaotazama mlango kama kuna mtu anakuja. Hakuna anayekuja. Mnakijua kilichoko nyuma. Msimngoje Hiza awaulize, na msiniambie kesho kwamba hakuuliza. Baraza ni salamu, nyumba ni uani. Fungueni vinywa sasa, mwambieni, akiwa bado amekaa hapa.